Zege tupu likianza kutapika nondo, linazibwaje bila kiraka kuonekana?

Kalamu_na_Rula:
Wakuu, nasoma kuhusu majengo yasiyopigwa plasta: Unité d'Habitation ya Le Corbusier, Marseille (1952), na National Theatre ya Denys Lasdun, London (1976), ambayo kuta zake zina alama za mbao za fomu, yaani kalibu lililomwagiwa zege. Zege ndilo sura yenyewe ya jengo. Kwa nini majengo ya aina hii humeguka, na yanatengenezwaje? Viraka vingi vya pichani vinatia aibu.

Nondo12:
Zege jipya lina pH ya 12 hadi 13, na alkali hiyo ndiyo kinga ya nondo. Kaboni dioksidi ikipenya, pH inashuka chini ya 9, nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linafumuka. Kina inachopenya kaboni dioksidi hufuata kipeuo cha pili cha muda: mm 10 kwa miaka 10, basi mm 20 kwa miaka 40. Palipowekwa biskuti nyembamba (vile vipande vinavyoitenga nondo na fomu ili zege liifunike), au zikasahaulika kabisa, ndipo panapoanza.

Kupima, vunja kipande, pulizia papo hapo fenolfthalini, dawa inayogeuka pinki penye alkali. Pakiwa pinki, pazima.

Saruji_Nyeupe:
Gonga kwa nyundo, zungushia chaki panapolia mvungu. Kata ukingo wima, kina mm 10 hivi. Ukingo mwembamba kama chapati utabanduka. Chimba hadi mm 20 nyuma ya nondo, fuata kutu mpaka chuma safi. Safisha nondo kwa kuirushia mchanga kwa hewa ya shinikizo, lowesha zege, lisiwe na maji yanayosimama, kisha ziba.

Rangi ndiyo kazi. Osha ukuta kwanza, la sivyo utalinganisha na masizi. Tafuta mchanga na kokoto za asili ile ile, changanya saruji nyeupe na ya kijivu kwa vipimo kadhaa, subiri siku 28 ndipo uchague. Alama za mbao chukua kwa kalibu ya silikoni kutoka sehemu nzima ya jirani.

Nondo12:
Nyongeza: Marseille ni pwani. Chumvi inakula nondo hata pale fenolfthalini inapotoka pinki, kwa hiyo peleka maabara vumbi la kekee la kila kina. Chumvi ikiwamo, kiraka kizuri kinahamishia kutu pembeni mwake, na baada ya miaka michache ukingo unapasuka. Ndiyo maana hufungwa vipande vya zinki kwenye nondo, kandokando ya shimo, kabla ya kuziba. Zinki iliwe badala ya chuma.