Almudena, Araceli au Consuelo: jina lipi kwa mtoto wa kike atakayezaliwa Madrid?

BintiTanga
Ndugu zangu, salaam. Ninatarajia kujifungua mtoto wa kike mwezi ujao hapa Madrid, na mimi na mume wangu tumebakiwa na majina matatu ya Kihispania: Almudena, Araceli na Consuelo. Nataka jina ambalo halijajaa kila darasa, kwa sababu hapa ukiita “Lucía” penye bembea za watoto wanageuka watatu kwa pamoja, lakini pia liwe na maana ambayo naweza kumweleza mama yangu kwa simu bila kubabaika. Naomba mnisaidie kulinganisha.

MzeeWaPangani
Binti yangu, hongera, na Mungu akujalie ujifungue salama. Majina umetutajia, lakini mwenye jina hujatueleza. Mtoto atakulia huko au mtarudi nyumbani? Ubini wake ni upi? Na ninyi ni watu wa dini gani? Nauliza kwa sababu majina yote matatu yamepatikana katika sifa za Bikira Maria, na hilo si jambo la kuja kuligundua siku ya ubatizo au ya akika.

BahariaMadrid
Wakati tunasubiri majibu, mimi nasimama na Almudena. Neno hili huelezwa kuwa la Kiarabu, al-mudayna, yaani mji mdogo wenye ngome, na ni ndugu wa damu wa Madina tunayoitaja kila siku. Ukishuka Cuesta de la Vega, karibu kabisa na kanisa kuu, utaona kipande cha ukuta wa mawe ya gumegume uliojengwa na Waislamu katika karne ya 9. Wenyeji husimulia kwamba sanamu ya Bikira ilikuwa imefichwa ndani ya ukuta huo, ikaonekana mwaka 1085 baada ya mfalme Alfonso VI kuuteka mji, na sikukuu yake ni tarehe 9 Novemba. Wapo pia wanaolihusisha jina na almud, kipimo cha nafaka kama pishi yetu, kwa kuwa inasemekana palikuwa na ghala hapo. Wenyewe hulikatisha wakaita Almu. Huko ni jina linalojulikana na kila mtu, lakini hulikuti kwenye orodha za majina yanayopendwa zaidi na wazazi wa leo.

MamaFaraja
Dada, naomba nikueleze yaliyotupata na Consuelo, maana binti yangu ndilo jina lake, alilorithi kwa bibi yake mzaa baba. Maana yake ni faraja, neno kwa neno, na nyumbani tulimwita Chelo kama Wahispania wafanyavyo. Tuliporudi Dar es Salaam nilimpeleka shule ya bweni akiwa na miaka kumi na mmoja. Tulifika jioni na sanduku la bati, godoro na ndoo, matroni akapitisha kidole kwenye karatasi mara mbili, hakumwona. Kumbe aliyeandika orodha aliona jina linaishia kwa “o” akamweka bweni la wavulana, kitanda na namba vikapangwa huko, na bweni la wasichana lilikuwa limeshajaa. Alilala siku nne kwenye chumba cha wagonjwa, na wenzake wakaanza kumwita “kaka”. Mtoto aliyekuwa akijitambulisha kwa sauti alianza kulitamka jina lake kwa kunong'ona. Kidato cha kwanza aliniomba mwenyewe aitwe Faraja, na mpaka leo ndilo tunalomwita. Sisemi jina ni baya, kwani nalipenda hadi sasa, ila mjue kwamba Consuelo, Rosario, Amparo na Socorro yote ni ya kike huko, na kwetu hakuna atakayekisia hivyo.

MwalimuNyota
Pole sana, Mama Faraja. Hata hivyo kosa ni la mwandishi wa orodha, si la jina. Naona tunaibebesha maana mzigo mkubwa mno: Wahispania wana Dolores, yaani maumivu, na Soledad, yaani upweke, na wenye majina hayo wameishi kwa heshima, kama kina Shida na Tabu wa kwetu.

MzeeWaPangani
Mwalimu, hapo sikubaliani nawe. Shida aliitwa hivyo kwa sababu ya hali iliyokuwapo siku aliyozaliwa, lakini Dolores ni mateso ya Mama wa Yesu, ambayo waumini huyaheshimu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

BintiTanga
Shikamoo Mzee. Sisi ni Wakatoliki. Tutakaa hapa miaka miwili, kisha tunahamia Tanga. Nilisahau pia kusema kwamba Consuelo ni jina la mama mkwe wangu, naye ni mgonjwa.

MamaFaraja
Dada, hilo ungelisema mwanzo! Sasa swali si la maana wala umaarufu tena.

BahariaMadrid
Araceli tusiisahau. Ni Kilatini, ara caeli, madhabahu ya mbinguni, na huko Lucena, mkoa wa Córdoba, Bikira wa Araceli ndiye msimamizi wa mji. Hispania kwa kawaida hutamka “c” hiyo kama “th” ya thelathini, Meksiko kama “s”, na Tanga nahofia wataisoma “Arakeli” au “Aracheli”. Almudena haina shida hiyo, ingawa “d” yake hulainishwa ikakaribia “dh” ya dhahabu.

MzeeWaPangani
Marahaba, binti yangu. Je, sheria ya huko inaruhusu majina mawili, moja la Kihispania na moja la Kiswahili?

BahariaMadrid
Inaruhusu, Mzee, majina mawili ya kawaida au moja la kuunganisha, mradi lisimvunjie mtoto heshima. Fomu inaweza kujazwa hospitalini ndani ya saa 72.

BintiTanga
Nimempigia mama sasa hivi nikamsomea yote matatu. Almudena amelitamka vizuri mara ya kwanza. Nilipomwambia maana ya Consuelo alinyamaza, kisha akauliza kama mkwe wangu ameanza kula. Mume wangu anarudi kazini saa mbili, nitamwonyesha mliyoandika.