Chombo kimoja, vitu saba

Neema: Wapendwa habari za jioni. Naomba mapishi ya siku za kazi. Narudi nimechoka, watoto njaa inawauma, na nikitafuta pishi "rahisi" nakuta orodha ya vitu ishirini. Nataka yale mnayopika nyinyi wenyewe mkiwa hamna nguvu.

Mama Tumaini: Mimi nina ya kuku tamu hiyo! Unamlaza usiku kucha kwenye mtindi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, bizari nyembamba, mdalasini, hiliki, karafuu, halafu kesho yake

Salim: Mama Tumaini, hiyo ni ya harusi. Mwenzio kasema amechoka.

Mama Tumaini: 😂😂 Haya, nimenyamaza.

Baraka: Tuweke masharti. Chombo kimoja. Vitu visizidi saba, chumvi na mafuta havihesabiwi. Mtu asisimame jikoni zaidi ya nusu saa.

Salim: Maji yanahesabiwa?

Baraka: Shemeji, usianze.

Shangazi Zuhura: Hamjambo wanangu.

Neema: Hatujambo shangazi. Shikamoo.

Baraka: Shikamoo shangazi.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Hiyo nusu saa iwe ya kusimama tu. Chakula kikichemka chenyewe na wewe umekaa kitako, isihesabiwe. Vyakula vingi havitaki kushughulikiwa, vinataka kuachwa. Nyinyi vijana mnakorogakoroga mno.

Baraka: Imepita.

Rehema: Nianze mimi. Adesi nyekundu, zile ndogo zilizokobolewa. Haziloweki, ndiyo maana nazipenda. Osha kikombe kimoja mpaka maji yaanze kung'aa. Mimina vikombe vitatu vya maji na nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano. Zikichemka engua povu, punguza moto, funika nusunusu. Dakika 15 mpaka 20 zinavunjika zenyewe na kuwa rojo. Huku pembeni unakaanga kitunguu na saumu kwenye kikaango, unamwagia juu.

Salim: Kikaango ni chombo cha pili hicho.

Rehema: Yaani Salim!

Salim: Masharti si yangu.

Rehema: Basi kwa heshima yako. Kaanga kitunguu kwanza kwenye sufuria hiyohiyo. Nusu yake chota uweke kwenye sahani utakayolia. Kilichobaki sufuriani ndicho unachomwagia adesi na maji. Mwishoni kile cha kwenye sahani kinarudi juu, na limau. Umeridhika?

Salim: Sana. Sahani ni ya kulia, haina kesi.

Neema: Dada Rehema, zinaungua chini?

Rehema: Zinashika zikishaanza kuwa nzito. Dakika tano za mwisho pitisha mwiko chini mara mojamoja. Zikizidi uzito ongeza maji ya moto. Zikilala mpaka kesho zinaganda kama uji, usishangae, ongeza maji tena.

Shangazi Zuhura: 🎤 Sauti 3:42

Salim: Niko kwenye foleni ya watu, siwezi kufungua. Nani anaandika?

Neema: Nasikiliza mimi. Shangazi anasema wanaoandika mapishi wanawadanganya watu kuhusu kitunguu. Wanasema "kaanga dakika tano kiwe cha dhahabu". Kwa dakika tano kinalainika na kung'aa tu. Kiwe na rangi kweli kwa moto wa wastani ni robo saa, na ukikitaka cha kahawia kote kwa moto mdogo ni nusu saa na kuzidi. Ndiyo maana chakula cha watu wengine kinanukia kitunguu kibichi hata kiwe na viungo gani. Saumu isiingie pamoja na kitunguu, inaungua upesi na ikiungua ni chungu. Iingie mwisho, koroga ikianza kunukia tu, ndipo nyanya. Na nyanya zisubiriwe mpaka mafuta yajitenge pembeni. Dakika zilizobaki anamsalimia mama yake Baraka.

Baraka: Zimefika shangazi.

Mama Tumaini: Hapo kwenye nyanya nakubaliana naye mia kwa mia. Watu wanamwaga nyanya na maji papo hapo, halafu wanalalamika mchuzi una ukakasi.

Baraka: Zamu yangu. Mayai ndani ya nyanya. Ninaishi peke yangu na nina kikaango kimoja chenye mfuniko, kwa hiyo hili ndilo pishi langu la taifa. Kitunguu, hoho, saumu, nyanya nne zilizoiva sana au kopo moja, bizari nyembamba, mayai. Unakaanga kama shangazi alivyosema, unaacha nyanya ziwe nzito. Kwa mgongo wa kijiko unatengeneza vishimo, kila kishimo yai moja. Nyunyiza chumvi, funika, moto mdogo. Dakika tano kiini bado kinatiririka, nane kimeshikana. Unakula na mkate kutoka kikaangoni.

Neema: Kutoka kikaangoni!

Baraka: Sahani ni kazi ya kuosha.

Shangazi Zuhura: Tutakuoza tu.

Mama Tumaini: 😂

Neema: Nyanya zikiwa kali?

Baraka: Chembe ya sukari. Chembe kweli, si kijiko. Lakini mara nyingi ukali ni nyanya ambazo hazijapikwa za kutosha, kwa hiyo ongeza muda kabla hujagusa sukari.

Mama Tumaini: Sasa nimerudi na kuku wangu, nimempunguza. Hesabuni: mapaja yenye mfupa na ngozi, kitunguu, saumu, karoti, mchele, pilipili manga, limau. Saba!

Salim: Endelea, tunakusikiliza kwa makini.

Mama Tumaini: Mapaja manne, yapangusie chumvi na pilipili manga. Sufuria nzito, mafuta kidogo, ngozi iangalie chini. USIGUSE dakika saba au nane. Ikijibandua yenyewe iko tayari, geuza dakika mbili, toa. Kwenye mafuta yaliyobaki weka kitunguu na karoti, kisha saumu, kisha vikombe viwili vya mchele uliooshwa na kuchujwa. Geuza dakika moja upate mafuta. Maji ya moto vikombe vitatu, chumvi, rudisha kuku juu. Ikichemka weka moto mdogo kabisa, funika, dakika 25. Zima na usifunue dakika kumi. Limau wakati wa kula.

Baraka: Kabla ya chumvi muwakaushe kwa karatasi au kitambaa safi. Nyama yenye maji haipati rangi, inachemka tu. Maji hayavuki nyuzi 100 na rangi ile inahitaji joto la 140 hivi. Kuna Mfaransa anaitwa Maillard aliieleza kazi hiyo mwaka 1912, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Salim: Kuku ana historia ndefu kuliko ukoo wetu.

Rehema: Na kwa kuwa tuko kwa kuku, tafadhalini msimwoshe chini ya bomba.

Shangazi Zuhura: Nini?

Mama Tumaini: Dada Rehema hapo umegusa pabaya.

Rehema: Najua. Lakini maji ya bomba yakimpiga kuku yanarusha matone kwenye sinki, vyombo vilivyooshwa, hata kachumbari iliyo pembeni. Vijidudu kama salmonela vinasafiri humo. Kuviosha haviishi, kinachoviua ni moto. Kazini tunawaona watu wanaoumwa tumbo siku tatu kwa mambo kama haya.

Shangazi Zuhura: Mwanangu, mimi kuku asiyeoshwa siwezi kumeza. Hata uniletee daktari mkuu.

Rehema: Shangazi, basi tukutane katikati. Mwoshe ndani ya bakuli lenye maji, polepole, mbali na vyombo. Maji yamwagwe taratibu, halafu sinki, bakuli na mikono vioshwe kwa sabuni.

Shangazi Zuhura: Hilo nitalifanya. Na limau juu.

Rehema: Limau kwa ladha, sawa. Halisafishi.

Shangazi Zuhura: 🙄

Neema: Nitajuaje ameiva bila kumkatakata?

Rehema: Ukiwa na kipimajoto cha nyama, kichome penye unene bila kugusa mfupa, kikisoma 74 ameiva. Kama huna, choma karibu na mfupa, majimaji yawe meupe yasiwe na wekundu, na kiungo kilegee ukikizungusha. Ukiwa na wasiwasi mrudishe. Paja haliharibiki kwa dakika tano za ziada, ndiyo maana Mama Tumaini hakuchagua kidari.

Mama Tumaini: Hata sikujua kuwa nina hekima hiyo. Nilichagua kwa utamu.

Rehema: Wali ukibaki usiachwe sufuriani mpaka asubuhi. Tandaza kwenye sahani upoe upesi, ndani ya saa moja uwe kwenye friji, na kesho yake umalizwe ukiwa umepashwa moto kweli kweli. Kuna kijidudu kwenye mchele ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na sumu ile hata ukipasha haiondoki.

Salim: Wali kwangu haujawahi kubaki.

Neema: Na mimi nina kesi ya maharage. Nayapika yanagoma. Saa mbili, saa tatu, bado yanagongana kwenye meno. Nimeambiwa ni chumvi.

Shangazi Zuhura: Chumvi inasingiziwa. Unatia nyanya mapema?

Neema: Naweka kila kitu pamoja, kitunguu, nyanya, nifunike nikae.

Shangazi Zuhura: Ndiyo hiyo. Ukali wa nyanya unakaza ganda. Maharage yaive kwanza, yapondeke kwa vidole viwili, ndipo nyanya. Limau vivyo hivyo.

Mama Tumaini: Au ni ya zamani. Maharage yaliyokaa mwaka kabatini hata upike mpaka kesho. Na maji ya chumvichumvi, yale yanayoacha utando mweupe kwenye birika, nayo yanakaza. Weka magadi kidogo sana, ncha ya kijiko. Yakizidi yanakuwa na ladha ya sabuni.

Neema: Kumbe! Nimemtukana muuzaji bure.

Rehema: Yakiwa yale mekundu yenye umbo la figo, kuna jambo moja si la mzaha. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu nusu saa kabla hujapunguza moto. Yana sumu inayoondolewa na mchemko mkali. Manne matano tu mabichi yanatosha kumtapisha mtu mzima. Majiko yale ya kupika polepole siku nzima ndiyo mabaya zaidi kwa haya, joto lake halitoshi na sumu inaweza hata kuongezeka. Ya kopo hayana shida, yameshapikwa.

Baraka: Ya kopo ndiyo yangu. Suuza, kitunguu, nyanya, dakika kumi.

Salim: Mnaona sasa kazi ya masharti? Tumeanza na urahisi, tumefika kwenye sumu.

Mama Tumaini: Wewe Salim hujatoa hata pishi moja. Toa.

Baraka: Kweli, shemeji. Toa.

Salim: Mtacheka.

Shangazi Zuhura: Hatucheki.

Salim: Spageti na saumu. Chemsha maji yenye chumvi, spageti iive ikiwa bado ina ugumu kidogo katikati. KABLA ya kumwaga maji, chota kikombe. Hicho kikombe ndicho pishi lenyewe. Mwaga mengine. Sufuria hiyohiyo, mafuta vijiko vinne, saumu tembe tano umezikata nyembamba, pilipili iliyokaushwa, moto mdogo mpaka saumu ianze kugeuka rangi pembeni. Rudisha spageti na nusu ya yale maji, koroga kwa nguvu dakika moja. Maji yana wanga, yanashikana na mafuta na kuwa mchuzi mzito. Ukimwaga maji yote unabaki na tambi zinazoteleza kwenye mafuta.

Neema: 😳

Mama Tumaini: Salim ni wewe au umenakili mahali?

Salim: Mke wangu akisafiri mnadhani nakula nini?

Rehema: Vitu vitatu, chombo kimoja. Ametushinda wote.

Salim: Na chujio. Ila nalitangaza kuwa si chombo.

Baraka: Naomba kamati ikae.

Shangazi Zuhura: 🎤 Sauti 0:09

Neema: Anasema "Salim uje kwangu Jumapili, wewe ndiye utapika."

Salim: Nimejiponza.

Mama Tumaini: Neema, usiku huu unapika lipi?

Neema: Adesi. Maharage nitaloweka kabla ya kulala. Dada Rehema, chumvi na limau vinaingia saa ngapi?

Rehema: Chumvi zikishavunjika. Limau ukishazima moto, likichemka harufu yake inapotea. Anza na nusu, onja, ndipo uongeze.

Neema: Kitunguu kipo jikoni tayari.

Shangazi Zuhura: Robo saa. Usikiharakishe.