Harusi kwenye hoteli iliyojaa michoro na sanamu, bwana harusi ana kigugumizi na hataki kusikia kamera. Nifanyeje?

fundi_wa_kivuli

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla sijaaibika. Nimepata kazi ya harusi ndogo, wageni kama 30 hivi, inafanyika kwenye hoteli ya vyumba vichache, zile ambazo mwenyewe anakusanya sanaa kuliko anavyokusanya wageni. Ukiingia tu kuna sanamu ya chuma imesimama mlangoni kama mlinzi, korido ina michoro mpaka kwenye ngazi, na sebule ambapo ndoa itafungwa ina ukuta mmoja mwekundu ulioiva wenye michoro mikubwa ya sura za watu, halafu ukuta wa pili kuna michoro midogo midogo kwenye fremu za kioo, na kila mchoro una kataa kake ka LED juu. Nilienda jioni moja nikapiga za majaribio nikarudi kichwa kinauma, yaani kila kona inaita, sijui jicho la mtu litatulia wapi.

Sasa kasheshe yenyewe ni hii. Bwana harusi ana kigugumizi. Tulikaa wote watatu akaniambia mwenyewe bila kuficha kwamba viapo ameandika na atavisoma mwenyewe, hataki mfungisha ndoa amtajie neno moja moja arudie, ila akisikia shata (lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga) inalia mbele yake maneno yanakwama. Baadae bibi harusi akanivuta pembeni akasema picha anayoitaka kuliko zote ni uso wa huyo mwanaume wakati anasoma. Kwahiyo nikikosa hapo hata nikipeleka picha 600 kali za ngazi na sanamu, nimefeli.

Kamera yangu ina shata ya kielektroniki, ile ya kimya kabisa. Nimeijaribu pale ndani, picha zimetoka na mistari ya giza imelala kama pundamilia. Nikirudi shata ya kawaida mistari karibu yote inaisha ila kelele ndo hiyo. Nina lenzi ya mm 35 na ya mm 85 (hii inavuta karibu), flashi mbili, na hoteli wamesema flashi isielekezwe kwenye michoro. Mnafanyaje wenzangu?

jicho_la_pembeni

Hiyo mistari ni taa mkuu, kamera yako nzima. LED nyingi zinapepesa, jicho halioni ila sensa, kile kinachonasa picha ndani ya kamera, inaona. Umeme ukiwa wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde) taa inapepesa mara 100 kwa sekunde, ukiwa wa 60 Hz mara 120. Sasa shata ya kielektroniki kwenye kamera nyingi haisomi picha yote kwa mpigo, inasoma mstari kwa mstari kuanzia juu kushuka chini, taratibu kuliko pazia la shata ya kawaida linavyokimbia, ndo maana mistari mingine inasomwa taa imefifia na mingine taa imewaka.

Dawa ya kwanza ni kuendana na hiyo kasi. Kwenye 50 Hz weka spidi ya shata 1/100 au 1/50 ya sekunde, kwenye 60 Hz weka 1/125 au 1/60, usipande. Mtu amesimama anasoma karatasi 1/100 inatosha, midomo ikicheza kidogo sio dhambi. Utapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka 3200 au 6400, pandisha tu, chenga kidogo zinavumilika, pundamilia hapana.

Ila kuna mtego. Taa zikiwa zimepunguzwa mwanga kwa ile swichi ya kuzungusha, nyingi zinaanza kuwaka na kuzima kwa kasi yake nyingine kabisa na hiyo 1/100 yako inakuwa kazi bure. Waombe waziweke mwanga wa mwisho. Au bora zaidi, kama kuna dirisha, waombe wazime zile zilizo karibu na maharusi umsimamishe bwana harusi kwenye mwanga wa dirisha. Jua halipepesi. Na utakuwa umeua tatizo jingine ambalo hujalitaja, manake mwanga wa dirisha mchana uko kama 5500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) na hizo taa mara nyingi ziko kwenye 3000K huko, ukichanganya shavu moja linakuwa la bluu na jingine chungwa, uje kukesha unaediti.

Halafu rudi pale saa ileile ya ndoa. Ulienda jioni, ndoa ni saa ngapi?

mama_lenzi

Mimi ntaongelea huo ukuta mwekundu kwa sababu umenikumbusha machungu. Mwaka fulani nilipiga kwenye hoteli ya namna hiyo, kuta za kijani kizito, nikajiona mjanja nikagongesha flashi ukutani ili mwanga uwe laini. Mwanga ulikuwa laini kweli, ila ulirudi na rangi ya ukuta. Gauni jeupe likawa kijani, ngozi ya bibi harusi ikawa kama mtu mwenye homa, na sio rangi inayotoka kirahisi kwa sababu upande wa dirisha gauni lilikuwa jeupe sawasawa, ukirekebisha huku unaharibu kule. Niliishia kuzifanya nyeusi na nyeupe nikamwambia mteja ni mtindo. Alipenda, mimi ndo sikulala.

Kwahiyo kaka, huo mwekundu usiuguse na flashi. Gongesha kwenye dari kama ni nyeupe na haiko juu sana, lakini hiyo ni kwa ajili ya wageni wakishaanza kucheza. Wakati wa viapo flashi kaa nayo kwenye begi, mtu ambaye sauti ya shata inamkwamisha unadhani mwanga wa kumpiga usoni utamsaidia nini.

Na maharusi wasiegemee ukuta. Watoe mita mbili au tatu mbele, wewe na 85 yako kwenye f/2 (tundu la lenzi wazi, nyuma panakuwa ukungu), zile sura zilizochorwa zinayeyuka zinabaki rangi na maumbo. Ukiwabandika ukutani utapata picha ya watu wawili wanaotazamwa na watu sita wenye macho makali kuliko wao. Na angalia kichwani jamani, fremu ikikatiza nyuma ya kichwa inakuwa kama mtu kavaa ubao. Hatua moja kushoto inatosha ila lazima uione kabla hujabonyeza.

shata_kubwa

Mi nina wazo tofauti. Mzoeshe. Siku ya mazoezi piga na shata ya kelele dk 20 mfululizo mpaka azoee, watu wanazoea chochote. Mbona mimi wateja wangu wote wanasahau kamera ipo.

mama_lenzi

Shata_kubwa hapana. Wateja wako wanasahau kamera kwa sababu hawana kinachowashika. Huyu amesema kwa mdomo wake kinachomsumbua, sa wewe umpelekee hichohicho dk 20 siku moja kabla ya ndoa yake? Kwenye mazoezi fundi aende lakini kamera iwe kimya, bwana harusi azoee tu kumuona mtu amesimama pale.

karatasi_na_wino

Kitu kidogo nje ya mada ila kitakugharimu baadae. Hoteli kumiliki mchoro haimaanishi inamiliki haki ya kuunakili, kwenye nchi nyingi hiyo haki inabaki kwa aliyechora, na Mkataba wa Berne wa 1886 unailinda angalau miaka 50 baada ya yeye kufariki. Albamu ya maharusi yenye michoro nyuma yao sidhani kama kuna mtu atakusumbua. Ila siku utakayotaka kuweka moja kwenye bango la tangazo lako na mchoro umejaa nusu ya picha, uliza kwanza majina ya wachoraji uombe ruhusa. Na ukiweka mtandaoni wataje, wanafurahi na hoteli inafurahi.

fundi_wa_kivuli

Asanteni sana aisee, mama_lenzi hilo la gauni la kijani limenitisha. Ndoa ni saa kumi jioni na nilienda saa moja usiku, hata dirisha sikulitilia maanani kumbe ndo lilikuwa jibu. Nimeongea na hoteli, wamekubali kuzima taa nne za upande huo. Swali lililobaki ni ile fremu ya vioo, bwana harusi akisimama upande wa dirisha nyuma yake ni ukuta wa vioo, nitajiona mwenyewe humo ndani. Nimesoma kuhusu filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao, inafaa?

jicho_la_pembeni

Inasaidia ukikitazama kioo kwa mshazari, kama nyuzi 55 kutoka ile hali ya kukitazama uso kwa uso. Ukisimama kukitazama moja kwa moja haifanyi kitu, na inakula mwanga stopu moja na nusu hivi, yaani zaidi ya nusu ya mwanga wote, ndani ya nyumba utalia. Sogea tu pembeni, mwanga unaruka kwenye kioo kwa pembe ileile unayoingia nayo, utaona mahali unapotoweka.

nuru_ya_dirisha

Nimechelewa ila naomba niingie, manake mnapigana na vioo wakati vingine ni zawadi. Kuna mchoro wa Jan van Eyck wa 1434, upo National Gallery kule London, mume na mke wamesimama chumbani wameshikana mikono. Wataalamu bado wanabishana kama ile ni ndoa au la. Chumba kimejaa vitu, mbwa, viatu, taa ya kuning'inia, machungwa dirishani, ila ukiangalia macho yanaenda kwenye nyuso na mikono kwa sababu dirisha liko kushoto na ndo linawamulika. Halafu ukutani nyuma yao kuna kioo cha mviringo, ndani yake unaona migongo yao na watu wawili wengine wamesimama mlangoni, yaani wanaowaona. Juu ya kioo kaandika Jan van Eyck alikuwa hapa.

Ninachotaka kusema, kwenye huo ukuta tafuta fremu moja ambayo ukisimama mahali fulani unamuona bibi harusi ndani ya kioo wakati kamera inamtazama bwana harusi. Moja tu. Nyingine zote ziache zizimike. Mtu anasoma, na ndani ya kioo nyuma ya bega lake unaona anayesomewa. Hapo mchoro umefanya kazi, haujapamba.

fundi_wa_kivuli

Wadau nimerudi pale leo saa kumi kamili. Taa nne zimezimwa, 85 kwenye f/2, 1/100, ISO 1600, shata ya kimya, mistari hamna kabisa. Nimemsimamisha rafiki yangu mahali pa bwana harusi nikazunguka karibu nusu saa nikitafuta hicho kioo. Kipo. Mchoro wa tatu kutoka dirishani, wa mashua, wenye rangi ya giza ndo maana kioo chake kinaonyesha vizuri. Shida moja, ili nimpate bibi harusi ndani lazima nichuchumae nyuma ya kiti cha mama mzazi wa bwana harusi.

mama_lenzi

Kamwambie mama leo, sio siku hiyo. Na vaa viatu visivyolia.