Mpini wa wembe wa kukunja bado unanata siku ya sita, naombeni ushauri

KisuButu: Wakuu, nimetengeneza mpini wa mpingo wa wembe wa kukunja, zile bapa mbili na kabari nyuma. Nimepiga msasa 120 hadi 600, nikatoa vumbi kwenye beseni (zilikuwa zinaelea vizuri), zikakauka, nikapaka mafuta ya kitani mikono mitatu. Bado unanata, alama za vidole zinabaki. Nipake vanishi juu? Nauhitaji Jumamosi.

FundiTaratibu: Vanishi juu ya mafuta mabichi itakunjamana. Mpingo una mafuta yake, huchelewesha ya kitani kukauka. Mimi siupaki kitu: msasa mpaka 2000, kisha kitambaa kikavu, unang'aa wenyewe. Na vitambaa vya mafuta usivirundike, vitandaze. Huwaka vyenyewe.

MamaRanda: Bapa unene gani? Za kwanza nilifanya milimita 5, wembe ukawa kama koleo mkononi. Sasa naishia 3. Pini nazo gonga kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo. Niliwahi kupasua seti nzima kwenye pini ya mwisho, nililia.

KisuButu: Ni 3, na pini nimeshagonga. Shida yangu ni kunata tu.

KinooChaZamani: Kijana, Jumamosi kuna nini? Wembe wa nani?

KisuButu: Wa baba mkwe. Niliuazima, ukaniponyoka bafuni, mpini ukapasuka. Ulikuwa wa pembe nyeusi. Najua mtasema nimwambie, ila akirudishiwa mzima hana alichopoteza.

KinooChaZamani: Anacho. Aliyenyolea wembe mmoja miaka yote, kidole gumba chake kitaujua mpini mgeni kabla ya jicho. Mpigie leo.

Shakashaka: Mnajibu hadithi. Mpingo hauelei, ukiutia majini unazama kama jiwe. Ama mti si mpingo, ama wembe haupo. Weka picha.

KisuButu: Wembe upo. Mti ni ubao mweupe wa kreti. Niliupaka rangi ya viatu nyeusi ufanane na pembe, ndipo nikaweka mafuta.

MamaRanda: Sasa tumefika. Nta ya rangi ya viatu imekaa kati ya mti na mafuta, hayana pa kushika. Funga makali kwa tepu, piga tupa kichwa kimoja cha kila pini kiishe, kisha isukume itokee upande wa pili. Futa nta kwa tapentaini, rudia msasa. Safari hii acha mti na weupe wake. Mafuta matone machache, robo saa, futa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Jumamosi haiwezekani, mdogo wangu.

Shakashaka: Picha bado.

KisuButu: Nimempigia. Kauliza kitu kimoja tu: "Chuma kimesalimika?" Ndiyo nimeupeleka dirishani kuutazama. Kwenye ncha makali yamemeguka, kama punje ya ulezi. Kuna anayejua kulisawazisha hilo kwa kinoo?