Hita ya gesi ya kuogea: moto wa njano na kishindo cha "bu!" inapowaka. Sevisi kamili ni ipi?

Mkazi_Nyegezi
Habari za jioni wakuu. Hita ni ya lita 10, imefungwa bafuni, ina miaka mitatu haijafunguliwa. Maji yanashuka kutoka kwenye simtanki. Sasa ukifungua bomba inachelewa kidogo, kisha inapiga "bu!", moto una ncha za njano na kava limeanza kuwa jeusi kwa juu. Fundi amefuta kava, amebadilisha betri, kasema sevisi imekwisha. Sevisi ya kweli inagusa nini, na ifanyike kila baada ya muda gani?

Bomba_na_Gesi
Mkuu, kwanza funga mtungi, hita isiwashwe tena mpaka itengenezwe. Moto wa njano na masizi maana yake gesi inaungua bila hewa ya kutosha, na hapo inatoka kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Mtu anaoga mlango umefungwa, kichwa kinauma, anasikia kichefuchefu, analegea kabla hajaelewa kinachomtokea. Hita ya aina hii ikae nje kwenye ukuta uliokingwa na mvua na upepo, au iwe na bomba la moshi linalotoka nje kabisa. Dirisha dogo la bafu halitoshi.

Sevisi ni kila mwaka. Kwetu huku ziwani usingoje zaidi ya hapo, kwa sababu wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama wingu huvutwa na taa, wanaingia kwenye hita na kufia humo, na buibui wanafunga utando kwenye midomo ya kuingizia hewa ya bana (kile kichomeo ambapo gesi inaungua). Hiyo midomo ikiziba nusu tu, moto unageuka njano.

Fundi afunge gesi na maji, atoe betri, afungue kava, ashushe bana nzima. Kila mdomo wa bana usafishwe kwa brashi laini na kupulizwa kwa upepo wa kompresa. Jeti (vitundu vidogo vya kutolea gesi) zisichokonolewe kwa waya wala sindano, tundu likipanuka hata kidogo gesi inazidi na masizi yanarudi. Kisha mapezi ya shaba ya kipasha maji: masizi yapigwe brashi ya nailoni, yasuuzwe, yakaushwe. Hapo ndipo moshi unapopita, pakiziba moto unakosa mvuto.

Kishindo kinatokana na gesi kujikusanya kabla cheche haijaikuta. Futa ncha ya cheche na ile ya kuhisi moto kwa msasa laini sana, nafasi ya cheche iwe kama milimita 4. Betri ziwe mbili mpya za volti 1.5, usichanganye na ya zamani.

Maji_Kapripoint
Niongeze upande wa maji. Kichujio kidogo pale maji yanapoingilia kinajaa mchanga na ukungu wa simtanki, kioshwe kila miezi mitatu. Ndani ya valvu ya maji kuna kipande bapa cha mpira, cha duara, unaosukuma pini ya gesi. Ukipasuka hita haiwaki, au maji yanadondoka chini ya valvu. Ubadilishwe, na upakwe grisi ya silikoni, siyo ya magari. Maji ya ziwa ni laini, chokaa si tatizo kubwa. Wa visima ndio waangalie.

Presha pia: kila mita 10 za kimo zinatoa takriban baa 1 (kipimo cha presha). Tanki likiwa mita 2 tu juu ya hita ni baa 0.2, hita nyingi hapo zinasitasita.

Mkazi_Nyegezi
Asanteni sana. Regyuleta yangu ni ile yenye kishikio cha kuzungusha, kama ya majiko makubwa ya hotelini. Inafaa?

Bomba_na_Gesi
Haifai, na huenda ndiyo nusu ya ugonjwa. Hiyo ni ya presha kubwa, inaisukumia bana gesi nyingi kuliko hewa inayoweza kuvuta. Weka ya presha ndogo, milibaa 28 hadi 30, inayolingana na kibao cha maelezo kilichobandikwa kwenye hita (paskali 2800). Soma kibao hichohicho kuhakikisha hita ni ya gesi ya mtungi. Ya gesi asilia ina jeti kubwa zaidi, ukiifunga kwenye mtungi itatoa masizi hata ukiisafisha kila wiki.

Hita ya lita 10 ina nguvu ya kilowati 20 hivi, inakula karibu kilo 1.5 kwa saa ikiwa wazi kabisa. Mtungi wa kilo 6 unapoa haraka na presha inashuka, tumia wa kilo 15 au zaidi, ukae nje, mbali na mtaro, kwa kuwa gesi hii ni nzito na inatulia chini.

Mwisho paka povu la sabuni kila kiungo kuanzia mtungini. Washa dakika 10: moto uwe wa bluu, mfupi, umetulia. Shikilia ubani unaofuka pembeni ya tundu la moshi. Moshi wake unatakiwa uvutwe ndani. Ukirudi nyuma, bomba limeziba, zima.