Mrejesho: Yule mbwa wangu aliyekuwa akikimbiza mbuzi

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita niliwaomba ushauri kuhusu Simba, mbwa wangu wa miezi 7, aliyekuwa akikimbiza watoto wa mbuzi hadi akamng'ata mmoja sikio. Babu alitaka auawe. Roho iliniuma sana.

Nilifuata ushauri wa yule mama wa Kongwa aliyenijibu: nimfunge Simba kamba kando ya zizi asubuhi na jioni, nimpe ukoko wa ugali pale pale mbuzi wakipita, akitulia nimsifu. Wiki ya kwanza alibweka mpaka sauti ikamkauka. Wiki ya tatu, yule yule mtoto wa mbuzi mwenye kovu sikioni alimsogelea akamnusa pua. Simba akalaza masikio, akageuza uso pembeni. Mimi nimesimama na ndoo ya maji, hata kuitua nimesahau.

Juzi usiku fisi alizunguka ua wa miiba. Simba alibweka hadi tukatoka na tochi. Asubuhi tukakuta nyayo chini ya mbuyu, na mbuzi wote 14 wapo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ameshapata. Babu sasa anamwita mjukuu. Mama wa Kongwa, Mungu akubariki.