Nyaraka za serikali: Dewey, SuDocs au alama zetu wenyewe?

mtunza_rafu
Habari zenu wakuu. Maktaba ya chuo chetu imejaa Magazeti ya Serikali, Hansadi, hotuba za bajeti na taarifa za sensa, vyote kwenye maboksi. Nipo kati ya Dewey (namba za desimali, hupanga kwa mada) na SuDocs ya Marekani (alama za nyaraka za serikali, hupanga kwa ofisi iliyozitoa). Wenye uzoefu nisaidieni.

Bi_Katalogi
Mwanangu, Dewey naipenda, ila nyaraka inazitawanya. Sensa inakwenda 304.609678 (hiyo 678 ndiyo Tanzania), ripoti ya kilimo inaangukia 630. Anayetaka mada anafurahi. Anayesema "nipe zote za wizara fulani" utamzungusha maktaba nzima. Na namba ndefu hivyo utaibandika wapi kwenye kijitabu cha kurasa 12?

Salum_T
Ndiyo maana Adelaide Hasse, mkutubi aliyebuni SuDocs mwishoni mwa karne ya 19, alianza na aliyetoa waraka. A ni Wizara ya Kilimo ya Marekani, A 1.9 ni vijarida vya wakulima. Angalieni sana: nukta ile si ya desimali. A 1.9 inatangulia A 1.10. Aliyezoea Dewey ataitanguliza 1.10, na waraka uliowekwa pasipo pake ndio umepotea.

mtunza_rafu
Na ofisi ikihama?

Mama_Nyaraka
Hapo ndipo penye kidonda. TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) ilikuwa Ofisi ya Waziri Mkuu, mwaka 2015 ikahamia Ofisi ya Rais. Kwa SuDocs mfululizo unakatika vipande. Taarifa za NACA, kamati ya Marekani ya mambo ya ndege, ziko Y 3.N 21/5, za NASA iliyoirithi mwaka 1958 ziko NAS 1. Chukua wazo la Hasse, herufi zake ziache. TAMISEMI ipe TAM tu, ofisi mama usiitaje.

Na namba iliyotolewa na serikali usiiguse! Mwanasheria anaulizia GN (Tangazo la Serikali) kwa namba na mwaka, basi kwenye rafu iandike hivyohivyo. Umoja wa Mataifa alama huchapwa kwenye waraka wenyewe: A/RES/70/1 ni azimio la 1 la Baraza Kuu, kikao cha 70. Mkutubi hatungi kitu.

Bi_Katalogi
Naafiki, isipokuwa sensa. Wanafunzi huja wakiuliza idadi ya watu, hawaulizi nani kahesabu.

mtunza_rafu
Asanteni sana. Jumatatu naanza na hotuba za bajeti: alama ya wizara, kisha mwaka wa fedha. Sensa nitaziacha kwenye Dewey kwanza nione.